Kusahihisha Kipimo: Mafunzo ya Uhakiki Kutokana na Usafishaji wa Programu ya Perf

Katika vyuo vyetu vya ualimu somo la kompyuta huanza na kuandika programu, na mara nyingi huishia hapo hapo. Mwanachuo hupewa swali, huandika jawabu, mashine hulikubali au hulikataa, na mkufunzi hutia alama. Kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine, kuipima, na kutoa shauri lililo wazi juu yake ni kazi isiyotengewa kipindi. Jambo hili lastaajabisha, kwa kuwa mwalimu atokaye chuoni atasoma kazi za wengine siku zote za utumishi wake. Nia ya makala haya ni kueleza jaribio tulilolifanya na wanachuo wetu la kufundisha uhakiki kwa kutumia badiliko la aina moja tu, nalo ni usafishaji wa msimbo. Twaamini kwamba yaliyojitokeza yanamhusu kila mwalimu ashikaye kalamu nyekundu, hata yule ambaye hajapata kuigusa kompyuta.

Kwanza yafaa tuyaeleze maneno tutakayoyatumia. Msimbo ni maandishi ya programu kama mtu alivyoyaandika, kabla hayajageuzwa kuwa maagizo ya mashine. Kusafisha msimbo ni kuyaandika upya maandishi hayo ili yasomeke na kutunzika kwa urahisi zaidi, pasipo kuibadili kazi yanayoifanya. Mwenye duka anapoyapanga upya makabati yake, bidhaa hubaki zile zile na bei zile zile. Tofauti ni kwamba mkono hukifikia upesi kile kinachotakiwa. Badiliko moja lililoandikwa tayari kwa kupelekwa kwa watunzaji wa programu huitwa kiraka. Katika kiraka, mistari inayoondolewa hutanguliwa na alama ya kutoa, na ile inayoongezwa hutanguliwa na alama ya kujumlisha, hata msomaji akaweza kuona kwa mara moja kilichokuwapo na kilichokuja mahali pake.

Programu tuliyoichagua ni perf. Hiki ni chombo cha upimaji kitunzwacho pamoja na msimbo wa Linux, mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Perf iliingizwa humo mwaka 2009, katika toleo la 2.6.31. Vyombo vya namna hii si vigeni; programu ya gprof ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley ilielezwa kwa wataalamu tangu mwaka 1982. Kazi ya perf ni kuonyesha muda wa kompyuta unatumika wapi. Ndani ya prosesa mna vihesabio vya matukio. Perf huvitumia kuchukua sampuli, na mtumiaji asipotaja idadi nyingine hulenga kuchukua sampuli 4,000 kwa kila sekunde. Kila sampuli husema: wakati huu, programu ilikuwa mahali hapa. Sampuli hizo huwekwa katika faili, kisha hujumlishwa na kutolewa kwa asilimia, ili fundi ajue ni sehemu gani ya programu inayokula muda mwingi kupita nyingine.

Hatukuichagua perf kwa sababu ya umaarufu wake. Tuliichagua kwa kuwa ni kipimo. Programu ya kawaida ikiharibika, mara nyingi uharibifu huonekana: barua haichapwi, hesabu haifungi, mashine hukwama. Kipimo kikiharibika huendelea kutoa tarakimu, na tarakimu zake huwa nadhifu kama zile za awali. Mizani ya sokoni iliyopinda haipigi kelele. Mnunuzi hulipa na kwenda zake. Nasi walimu tunavyo vipimo vyetu, yaani majaribio, mitihani na miongozo ya kusahihishia. Mwongozo ukiwa na kosa, watoto huanguka au hupita kwa kosa hilo, na pengine hakuna ajuaye. Kwa hiyo mtu anayekisafisha kipimo, na yule anayeuhakiki usafi huo, wamebeba dhamana kuliko inavyodhaniwa. Tulitaka wanachuo waionje dhamana hiyo.

Mfano tulioutumia unatokana na historia ya perf yenyewe. Programu inapofanya kazi huomba nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, nayo hupewa kielekezi, yaani anwani ya nafasi hiyo. Ikishamaliza, yapasa kuirudisha nafasi ili itumiwe na wengine. Tuliwaeleza wanachuo jambo hili kwa mfano wa nyumba ya wageni. Mgeni hupewa chumba na ufunguo. Siku ya kuondoka hukirudisha chumba. Lakini akiondoka na ufunguo mfukoni, siku moja aweza kurudi kwa mazoea, akaufungua mlango na kumkuta mgeni mwingine ndani. Katika lugha ya C, kuirudisha nafasi hakukifuti kielekezi. Ufunguo husalia mfukoni. Kwa ajili hiyo mafundi waangalifu huandika mistari miwili: wa kwanza huirudisha nafasi, na wa pili hukifanya kielekezi kuwa kitupu.

Mistari hiyo miwili ilikuwa imerudiwa mahali pengi katika msimbo wa perf. Mwishoni mwa mwaka 2013 mtunzaji wake, Arnaldo Carvalho de Melo, aliingiza agizo moja liitwalo zfree, lifanyalo kazi zote mbili kwa mstari mmoja. Agizo hilo hupewa anwani ya kielekezi chenyewe, wala si kielekezi tu. Faida yake ni kwamba msomaji anapolitupia jicho hutambua papo hapo kuwa kielekezi nacho kinabadilishwa. Aidha, kielekezi kikiwa kitupu, sehemu ya programu itakayokosea kukitumia tena huanguka hadharani, badala ya kuendelea kusoma takataka kimya kimya. Baada ya hapo viraka vilifuata vya kuiondoa mistari ya zamani mahali mbalimbali na kuliweka agizo jipya. Huo ndio usafishaji tuliokwenda nao darasani.

Kompyuta hazikuwatosha wanachuo, kwa hiyo tulivichapa viraka katika karatasi, na ubaoni tukaandika kwa chaki za rangi mbili: nyekundu kwa mistari iondolewayo na kijani kwa mistari iongezwayo. Hatukuona kwamba kukosa mashine kulitupunguzia kitu. Karatasi humlazimisha msomaji asome. Haimwachii mashine kumjibu upesi.

Swali la kwanza lilitoka nyuma ya darasa. "Mkufunzi, ikiwa usafishaji haubadili kitu, sisi twahakiki nini?" Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi, nasi hatukulijibu siku hiyo. Tuliwagawia viraka vitatu tulivyovitunga kwa kuufuata mfano wa zfree, tukawaambia kimoja kinafaa, na viwili vina jambo. Kazi yao ilikuwa kuvitenga na kutoa sababu.

Kiraka cha kwanza kiliondoa mistari miwili na kuweka mmoja. Kielekezi kilikuwa sehemu ya rekodi iliyoendelea kutumika baadaye, na kukifanya kitupu kulikuwa na maana ile ile ya awali. Wanachuo walikipitisha, ila tuliwataka waeleze kwa nini wamekipitisha. Wengi walidhani kwamba sababu hutakiwa mtu anapokataa tu. Kumbe alama ya vema isiyo na sababu haimfundishi mtu lolote zaidi ya alama ya kosa isiyo na sababu.

Kiraka cha pili kilikuwa na mtego. Badiliko lilifanyika ndani ya kifungu cha programu kilichopewa kielekezi na kifungu kingine. Katika lugha ya C kifungu kilichoitwa hupokea nakala ya kielekezi. Kuifuta nakala hakuufuti ule ufunguo wa asili, ambao bado uko mikononi mwa aliyekiita. Mashine itafanya kazi sawasawa na jana. Hakuna jaribio litakaloshindwa. Lakini msomaji wa kesho ataliona agizo la zfree, ataamini kuwa ufunguo umekwisha kutupwa, na kwa imani hiyo ataandika jambo la hatari. Wanachuo walibishana sana hapa. Baadhi walishikilia kuwa kiraka kisichoharibu kitu hakina kosa. Mmoja wao akasema, "Hakimdanganyi mwenye mashine, kinamdanganya mwenye kusoma." Kauli hiyo ilimaliza ubishi. Msimbo una wasomaji wawili, mashine na mtu, na usafishaji hufanywa kwa ajili ya huyu wa pili. Ukimpotosha yeye, umeshindwa katika kazi ile ile uliyoanzishiwa.

Kiraka cha tatu kilivunja kitu hasa. Katika msimbo wa namna hii ni desturi kifungu kurudisha sifuri kikifaulu, na namba hasi kikishindwa. Kifungu cha asili kilikuwa na milango minne ya kutokea, kila mmoja ukirudisha nafasi zilizoazimwa na kutoa namba yake. Kiraka kiliikusanya milango yote kuwa mmoja, chini kabisa ya kifungu, na kwa macho kilipendeza kuliko vyote. Tatizo ni kwamba jawabu liliwekwa sifuri mwanzoni, na katika njia moja kati ya zile nne hapakuwa na mstari wa kulibadili kabla ya kuelekea mlangoni. Faili la sampuli likikatika katikati, kifungu kitashindwa kulisoma, kisha kitarudi na kusema kimefaulu. Programu itaendelea na sampuli chache ilizozipata, itazigeuza kuwa asilimia, na asilimia hizo zitakamilisha mia moja bila upungufu. Fundi ataisoma jedwali na kwenda kurekebisha mahali pasipo na ugonjwa.

Makundi mengi yalikipitisha kiraka hicho kwa kuwa kilikuwa kizuri kutazama. Makundi yaliyoligundua kosa yalikuwa yametumia njia moja: yaliweka kidole katika kila njia ya msimbo wa zamani, na kuuliza njia hiyo inaishia wapi katika msimbo mpya. Hapo lile swali la nyuma ya darasa likapata jawabu lake. Mhakiki wa usafishaji hatafuti kilichobadilika tu. Huthibitisha kwamba kila kilichopasa kubaki kimebaki, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kuitazama mistari ya kijani peke yake.

Katika wiki iliyofuata tuliwataka wanachuo wasafishe msimbo ulioachwa na wanachuo wa mwaka uliotangulia, kisha wabadilishane viraka. Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo vitabu vya mbinu hulitaja kwa haraka. Mwanachuo mmoja, binti hodari aliyekuwa mstari wa mbele katika majadiliano, alirudishiwa kiraka chake kikiwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Ovyo. Rudia." Hakurudia. Kwa vipindi viwili hakunyoosha mkono. Alipoulizwa, alisema kwa adabu kwamba hajui arudie nini.

Hatukumkemea mhakiki wake. Tulimtaka aiandike hukumu yake upya kwa sharti moja: kila sentensi itaje mstari, ieleze kitakachotokea kwa sababu ya mstari huo, na ipendekeze au iulize jambo. Alikaa nayo karatasi muda mrefu. Mwishowe alikiri kuwa mistari mingi hakuwa na neno nayo. Kilichomkera ni kwamba kiraka kilifanya mambo matatu kwa pamoja: kilibadili majina, kilihamisha kifungu, na kilibadili sharti moja katika hesabu. Hakuweza kulifuata moja bila kukanyagwa na mengine. Basi akaandika: "Dada, katika mstari wa 14 sharti limebadilika kutoka 'ndogo kuliko' kuwa 'ndogo au sawa'. Je, umekusudia? Ikiwa umekusudia, naomba uliweke katika kiraka chake, ulieleze."

Binti alikigawa kiraka chake mara tatu. Alipokuwa akiandika maelezo ya kile cha tatu aligundua kwamba sharti la zamani lilikuwa likiiacha nje sampuli ya mwisho ya kila kundi. Alikuwa amesahihisha kosa la kweli bila kujua, na kosa hilo lilikuwa limefichwa chini ya jina la usafi. Kiraka kile kile kilichoitwa ovyo kilikuwa na kazi bora kuliko zote za darasa lile. Ila hakikuweza kuonekana mpaka kilipotenganishwa, wala hakikutenganishwa mpaka mtu alipouliza kwa ustaarabu.

Watunzaji wa Linux wanayo kanuni hiyo hiyo: kiraka kimoja, jambo moja. Nayo ina faida ya kihesabu. Historia ya msimbo wa Linux hutunzwa kwa programu ya Git, aliyoianzisha Torvalds mwaka 2005. Ikitokea hitilafu, Git huweza kumsaidia fundi kuligundua badiliko lililoileta kwa kuigawa historia nusu kwa nusu: hujaribiwa badiliko la katikati, likiwa zima, kosa liko mbele, likiwa bovu, kosa liko hapo au nyuma yake. Kwa njia hii mabadiliko 1,000 huchunguzwa kwa majaribio yapatayo 10 tu, kwani kuzidisha mbili mara kumi kunatoa 1,024. Lakini badiliko lililopatikana likiwa ni bonge la mambo ishirini, fundi atakuwa ameifikia nyumba asiyojua chumba. Wanachuo waliifanya hesabu hiyo ubaoni, na kanuni ikaacha kuwa amri ya mkufunzi.

Jambo jingine tulilolichukua kwao ni maana ya sahihi. Tangu mwaka 2004 kila kiraka cha Linux huambatana na mstari wa jina la mwenye kukileta, athibitishaye kuwa ana haki ya kukitoa. Iko pia alama ya mhakiki. Anayeiweka hutangaza kwamba amekichunguza kiraka kwa utaalamu, kwamba mashaka yake ameyafikisha kwa mwandishi na yamejibiwa, na kwamba anakiona kuwa chafaa, ingawa hadhamini kuwa hakina dosari kabisa. Twawaomba walimu wenzetu waulinganishe utaratibu huo na neno "Imeonwa" tunaloliandika chini ya madaftari. Limeonwa na nani, akiangalia nini, na mtoto alijibiwa nini? Darasa kubwa lina madaftari mengi, na hatusemi kwamba kila ukurasa uhakikiwe namna hii. Twasema kwamba neno lililotiwa sahihi lapaswa kuwa na maana, hata kama maana yenyewe ni "nimesoma aya ya kwanza tu".

Wapo watakaotuambia kwamba usafishaji wenyewe ni anasa, na msimbo unaofanya kazi uachwe. Hoja hiyo ina uzito, nasi tuliwafundisha wanachuo kuiheshimu. Kila badiliko lina hatari yake, na mhakiki ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Kubadili majina kwa kuwa mtu anapendelea majina mengine si usafi. Kadhalika mwalimu aichukuaye insha ya mwanafunzi na kuiandika upya kwa lafudhi yake mwenyewe hajasahihisha kitu. Ameibadili sauti tu, na mtoto amejifunza kwamba sauti yake ilikuwa kosa. Usafi wenye faida ni ule unaomwezesha msomaji ajaye kuona jambo ambalo jana halikuonekana, kama zfree inavyomwonyesha kwamba ufunguo umekwisha kurudishwa.

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu somo hili, twashauri yafuatayo. Waanze na kiraka kifupi kisichozidi mistari 20. Wawape wanachuo kilichokuwapo na kilichokuja, wala si kilichokuja peke yake. Wadai sababu kwa kukubali kama wanavyodai kwa kukataa. Kila hukumu itaje mstari, na isimtaje mtu. Kiraka chenye mambo mawili kirudishwe kigawanywe, hata kama yote mawili ni mema. Kisha njia hiyo hiyo itumiwe katika miongozo ya kusahihishia mitihani: mwongozo wa zamani na mpya iwekwe ubavu kwa ubavu, na kila jawabu lililokuwa likipata alama lifuatwe kwa kidole mpaka ijulikane limeishia wapi. Sisi tumekwisha kuanza kufanya hivyo katika idara yetu, na kikao cha kwanza kilichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, kwa kuwa wajumbe walikuwa wakisoma.